Timu Tunayoilipia Hatuijadili

Majengo haijawahi kukosa makocha. Ingia sokoni asubuhi, anza kwa wauza vitunguu, pita kwa mafundi cherehani, malizia kwenye benchi la kahawa: kila baada ya hatua chache utamkuta mtu anayejua kwa nini Simba imekosa kombe la Afrika na ni nani Yanga wanapaswa kumsajili. Sasa ni Julai 2025. Upepo wa Dodoma unaleta vumbi na baridi kwa pamoja, ligi imesimama, dirisha la usajili liko wazi. Kwa Majengo huu ndio msimu wenyewe. Ile miezi ya kucheza ni ya kukusanya ushahidi tu.

Mimi ni mmoja wao. Ni Simba tangu utotoni, huko Kondoa nilikozaliwa, na sasa nimepanga chumba hapa Majengo nikimalizia shahada ya pili. Nawajua wasomi wenzangu wanaopita kwenye vijiwe hivi wakitikisa kichwa. Hoja yao utakuwa umeisikia: hawa watu wangetumia akili hii kujadili bajeti ya serikali, nchi ingekuwa mbali. Hoja hiyo ina dharau, tena ni ya uvivu. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la kahawa hadi kikombe cha tatu anajua kwamba pale pana kazi ya akili inafanyika.

Chukua mfano wa Mei mwaka huu. Simba ilifungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, kisha ikatoka sare ya 1-1 Zanzibar, na Kombe la Shirikisho likaenda. Kesho yake asubuhi kinyozi wangu alinieleza mchezo wote akiwa na wembe mkononi. Hakulaumu refa, hakulaumu uchawi. Alisema ukitoka ugenini na deni la mabao mawili unalazimika kupandisha mabeki wa pembeni, na ukiwapandisha unahitaji kiungo mkabaji wa kufunika nyuma yao, na kiungo huyo hawezi kufanya kazi ya watu wawili kwa dakika tisini. "Kwa hiyo tatizo lilianza Berkane, halikuanza Amaan," akamaliza, akanifuta nywele shingoni. Nimesoma makala za magazeti kuhusu mechi ile. Nyingi hazikufika alipofika kinyozi.

Kwa hiyo ugomvi wangu na kijiwe hautokani na kujadili mpira. Unatokana na mahali kinapoukatisha mjadala. Kila siku hoja inaanza vizuri, kwenye udhaifu wa timu, inatembea hatua mbili tatu za maana, halafu inaangukia kwenye neno moja: asajiliwe. Beki wa kushoto hapandi? Asajiliwe mwingine. Namba sita amechoka? Asajiliwe. Mabao hayapatikani? Aletwe namba tisa, na kila mtu anataja wake, kutoka Abidjan, Kinshasa, Lusaka. Baada ya neno hilo hakuna swali lingine. Tumejifunza kufikiri kama wanunuzi: kila pengo kwenye kikosi ni bidhaa iliyokosekana dukani, na kazi ya kiongozi wa klabu ni kwenda dukani.

Tuitazame bidhaa hiyo tunayoililia zaidi, namba tisa. Kuanzia msimu wa 2017/18 hadi huu uliokwisha ni misimu minane. Ubingwa umegawanywa katikati kabisa: Simba minne ya kwanza, Yanga minne ya pili. Sasa angalia wafungaji bora. Emmanuel Okwi wa Uganda, mabao 20. Meddie Kagere wa Rwanda mara mbili, 23 na 22. John Bocco, 16. George Mpole wa Geita Gold, 17. Fiston Mayele wa Congo na Saido Ntibazonkiza wa Burundi wakalingana kwa 17. Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso, 21. Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast, 16. Katika misimu minane, Watanzania ni wawili.

Simlaumu mgeni hata mmoja katika orodha hiyo. Walikuja, wakafunga, wakalipwa jasho lao, na ligi yetu ikawa bora kwa sababu yao. Ninachouliza ni kitu kingine: tumekuwa tukinunua kwa misimu minane, mbona kila Julai tunaanza upya pale pale? Mwaka 2023 Yanga walifika fainali ya Shirikisho wakiwa na Mayele, mfungaji bora wa mashindano yale yale. Wakafungwa 2-1 Dar es Salaam, wakashinda 1-0 Algiers, na kombe likabaki kwa USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini. Namba tisa walikuwa naye, tena bora kuliko wote. Kombe halikuja.

Halafu Mayele akauzwa Pyramids ya Misri, na hapo ndipo somo lenyewe lilipo, kwa anayetaka kulisoma. Watani wangu wa Yanga waliingia kwenye maombolezo. Majengo nzima ikawa inatafuta "Mayele mpya". Akaja Hafiz Konkoni kutoka Ghana, hakumaliza msimu. Dirisha dogo akaja Joseph Guede kutoka Ivory Coast, naye akaondoka. Akachukuliwa Prince Dube, aliyekuwa Azam. Wakati mabenchi ya kahawa yakichambua majina ya mbali, kwenye kikosi cha Yanga alikuwepo kijana aliyepandishwa kutoka timu yao ya vijana, akiingia dakika ya sabini, akikosa mabao ya wazi, akizomewa na watu wa timu yake mwenyewe. Clement Mzize. Msimu uliokwisha amefunga mabao 14 ya ligi. Mashabiki waliokuwa wakisema "huyu dogo hafai, aletwe mtu" leo wanaomba asiuzwe.

Sisemi kila kijana wa timu ya vijana ni Mzize. Wengi hawatafika. Nasema kijiwe chenye akili ya kuona kosa la kiungo mkabaji katika mechi ya Zanzibar hakikuwa na lugha ya kumjadili mchezaji anayekua. Tunayo maneno mengi ya mchezaji aliyekamilika: mtambo wa mabao, beki kitasa, kiungo punda. Kwa anayejifunza tuna neno moja tu, dogo, na hata hilo tunalisema kwa kumfukuza.

Kuna timu moja inayotuumbua hadharani kwa tabia hii, nayo ni Taifa Stars. Ukikosa namba tisa Simba unakwenda Abidjan. Ukikosa namba tisa Taifa Stars unakwenda wapi? Timu ya taifa haina dirisha la usajili. AFCON ya 2019 kule Misri tulicheza mechi tatu tukafunga mabao mawili, yote katika mechi ya Kenya tuliyopoteza 3-2: moja la Simon Msuva, moja la Mbwana Samatta. AFCON iliyochezwa Ivory Coast Januari 2024 tulifunga moja, la Msuva tena, dhidi ya Zambia. Mechi sita, mabao matatu, wafungaji wawili. Kuwaita Watanzania waliokulia ughaibuni kunasaidia, na waendelee kuitwa. Lakini hapo bado tunachukua mazao ya shamba alilolima mtu mwingine. Mwaka 2027 fainali hizo zinakuja nyumbani, kwetu, Kenya na Uganda. Mtoto atakayekuwa na miaka ishirini siku hiyo leo ana kumi na minane. Nani Majengo anamjua jina?

Na hapo ndipo ninapofika nyumbani.

Dodoma ina timu ya Ligi Kuu. Naliandika hili kama habari mpya kwa sababu ukikaa kijiweni wiki nzima unaweza usilisikie. Dodoma Jiji ilipanda mwaka 2020 na imecheza misimu mitano mfululizo bila kushuka. Uwanja wake wa nyumbani ni Jamhuri, hapa hapa mjini. Mwenye timu ni Halmashauri ya Jiji la Dodoma. Na halmashauri, ndugu msomaji, haina mfuko uliodondoka mbinguni: mapato yake ya ndani ni ushuru, leseni na kodi, pamoja na kile anachotoa mwenye kizimba katika Soko la Majengo. Muuza nyanya ninayenunua kwake ni mmiliki wa klabu ya Ligi Kuu. Hajawahi kumwaga senti kwa klabu ya Kariakoo isipokuwa anaponunua jezi, tena pengine ya mtumba. Lakini Simba anaijadili kutoka kipa hadi mtunza vifaa, na ile anayoilipia kila anapokata risiti ya ushuru hajui kipa wake ni nani.

Timu tunayoilipia hatuijadili. Timu tunayoijadili hatuilipii.

Februari mwaka huu basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi, wachezaji wakirudi kutoka Ruangwa walikokwenda kucheza na Namungo. Wapo walioumia. Mechi yao iliyofuata, dhidi ya Simba, ikaahirishwa. Nakumbuka mazungumzo ya Majengo siku zile. Kwa dakika chache watu walisema pole, kama watu wema wanavyosema. Kisha mjadala ukaingia kwenye ratiba: kiporo hiki kitamuumiza Simba au kitampumzisha? Mimi shabiki wa Simba nilikuwa nimekaa pale, na hoja zilikuwa nzito kama kawaida. Lakini waliokuwa ndani ya lile basi ni vijana wanaovaa jina la mji huu kifuani. Hakuna aliyeuliza ni yupi kaumia mguu, nani atakaa nje, na benchi lina nani wa kuziba nafasi. Yaani swali letu la kila siku, swali la kikosi, siku ile lilikuwa la lazima kabisa, na hatukuliuliza.

Wiki iliyopita nililiuliza mimi. Nilikuwa kwenye kahawa, watu saba, Yanga wanne na Simba watatu, mada ni beki wa kati. Nikasema, "Wazee wangu, Dodoma Jiji nao wanahitaji nini?"

Kikapita kimya kidogo. Kisha kijana wa bodaboda akajibu, "Wanahitaji Simba na Yanga waje, wapate kiingilio." Tukacheka wote, na mimi nikacheka, kwa sababu ni kweli: siku Jamhuri inapojaa ni siku wageni wa Kariakoo wamekuja, na wenyeji wengi tunaingia tumevaa jezi za wageni.

Mzee mmoja anayeuza vitunguu hakucheka. Akasema, "Msomi, mimi ushuru nalipa. Unataka nilipe na kiingilio?"

Hilo ni pingamizi la haki, na nimelibeba tangu siku hiyo. Jibu langu kwake ni hili: sitaki ulipe zaidi, mzee wangu. Nataka udai zaidi. Mtu aliyekwisha kulipa ndiye mwenye haki ya kuuliza bidhaa iko wapi. Wewe ndiye uliyepaswa kuwa mkali kuliko sisi wote. Shabiki wa Yanga akimpigia kelele kiongozi wake, anampigia kelele mtu ambaye pengine hatamwona maisha yake yote, kilomita mia nne na hamsini kutoka hapa. Diwani wako unamjua kwa jina na nyumba yake unaijua.

Wapo watakaosema timu za halmashauri hazipendeki, ni za maofisa, hazina watu. Wakasome habari za Mbeya. Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya, ilipanda Ligi Kuu ikamaliza nafasi ya tatu katika msimu wake wa kwanza kabisa, 2013/14. Watu wa Mbeya waliijaza Sokoine, wakaifuata mikoani, wakaimba jina la mji wao. Hakuna aliyewafundisha kuipenda. Iliposhuka mwaka 2023, walilia watu, hawakulia maofisa peke yao. Na msimu ujao inarudi.

Wakasome na habari za Geita, kwa upande wa tahadhari. Geita Gold nayo ni ya halmashauri. Msimu wa 2021/22 ilimaliza ya nne, ikatoa mfungaji bora wa ligi, yule Mpole mwenye mabao 17, ikapata nafasi ya kucheza Afrika. Mpole akaondoka kwenda Lupopo ya Congo. Mwisho wa msimu wa 2023/24 Geita ilishuka daraja. Katika msimu ule ule ilishuka Mtibwa Sugar, bingwa wa 1999 na 2000, timu iliyowalea Dickson Job na Kibwana Shomari kabla Yanga hawajawachukua. Mtibwa imerudi baada ya mwaka mmoja. Timu inayolea ikianguka ina kitu cha kuinukia. Inayotegemea mtu mmoja afunge, akiondoka inaondoka naye.

Tena asitokee mtu kuniambia Dodoma haina udongo wa kuotesha mpira. Aprili 2023 wasichana wa shule ya Fountain Gate, ya hapa hapa Dodoma, walikwenda Durban wakatwaa ubingwa wa Afrika wa mashindano ya shule ya CAF. Ubingwa wa Afrika! Mwezi huo huo Majengo ilikuwa imeshika pumzi kwa robo fainali: Simba na Wydad, Yanga na Rivers United. Klabu mbili kubwa za nchi zilikuwa zikilitafuta kombe la bara ambalo hazijawahi kulipata, Simba tangu fainali ya 1993 dhidi ya Stella Abidjan. Watoto wa kike wa mji huu walikuwa tayari wamelileta la kwao. Walilipata kwa njia ambayo kijiwe hakina msamiati wake: walimu, uwanja wa shule, mazoezi ya kila siku, miaka ya kusubiri. Wale hawakununuliwa dirisha lolote.

Najua nguvu ya kijiwe, ndiyo maana nakisumbua. Viongozi wa Simba na Yanga wanakisikia. Utambulisho wa wachezaji usiku wa manane, video zenye moshi na ngoma, matamasha ya Simba Day na Wiki ya Mwananchi, yote hayo ni majibu kwa kelele zetu. Tulipodai namba tisa walituletea namba tisa. Tulipochoka naye walimpa mkono wa kwaheri. Klabu zinatupa tunachokidai, na kwa kuwa tunadai kununuliwa, zinanunua. Tungedai kwa sauti ile ile kocha wa watoto mwenye leseni, mashabiki wa nchi nzima kwa pamoja, tungeletewa naye, hata kama ni kwa video yenye moshi.

Basi nawarudia wale wasomi wenzangu waliotaka Majengo iache mpira ijadili bajeti. Mnakosea kwa sababu mnadhani hivyo ni vitu viwili. Mjadili udhaifu wa Dodoma Jiji mpaka mwisho na mtafika kwenye bajeti wenyewe, bila kuhubiriwa. Timu inaruhusu mabao dakika za mwisho? Pumzi haipo. Kwa nini? Safari ndefu za barabara. Nani anapanga fedha za safari? Hapo tayari tumo ndani ya ukumbi wa baraza la madiwani, na tumeingia kwa mlango wa mpira, mlango ambao mwenye kizimba anaujua kuliko mimi na shahada zangu.

Na kijiwe nakiomba kitu kimoja, dirisha hili hili, kabla halijafungwa. Zipeni Simba na Yanga saa zao mbili kama kawaida. Mimi mwenyewe nitakuwepo, na bado nasema tunahitaji beki wa kushoto. Ila saa ya tatu tuitenge kwa ajili ya hii ya kwetu. Kipa namba moja ni nani, na akiumia anaingia nani? Katika kikosi kizima, waliolelewa katika mkoa huu ni wangapi? Timu ya vijana inafanyia mazoezi wapi, saa ngapi, na mwalimu wao ni nani? Msimu uliopita fedha ngapi zilikwenda kwenye usajili na ngapi kwa watoto? Maswali manne. Tukikosa majibu, tumuite diwani aje kunywa kahawa. Kikombe chake nitalipa mimi.